Kamba za Bi Mwanapili

Maiti wa kwanza asubuhi ile alikuwa na kiu.

Kapteni Mkasi Vuai alikuwa amelala kwenye kiti cha wasikilizaji, macho kayafumba, na kiu ya mtu aliyekwisha kufa ikamkausha koo. Hakushangaa. Karibu kila anayeshuka vitani huwa na kiu, hata kama kanywa maji mpaka tumbo linacheza. Kinasa, kile kidude kama punje ya mchele kinachopachikwa nyuma ya sikio la kila askari, hakichukui mawazo wala dua za mtu. Kinachukua mwili: koo, pumzi, misuli, uzito unavyohama kutoka mguu huu kwenda ule. Askari akifa, kinasa huvirusha vyote hivyo kwa mbali, na msikilizaji huvipokea katika mwili wake mwenyewe. Hufa naye kidogo, kisha huamka akaeleza kilichokosewa. Mkasi alikuwa hodari wa kazi hiyo, na hodari wa kazi hiyo si mtu wa kuonewa wivu.

Maiti mwenyewe alikuwa kijana aitwaye Kombo Faki, mmoja wa wale walioshuka Ras Mchanje. Mkasi alimfuata tangu mashua ilipogusa mwamba. Maji yalimfika ugokoni. Mbele yake pwani ilikuwa imekauka mpaka mbali, kama inavyokauka siku za bamvu, maji yanapokupwa kuliko siku zote, na mchanga uling'aa kwa mwanga wa asubuhi. Siku ile ilichaguliwa kwa makusudi. Mabomu ya majini ya Wapangaji, wale adui wenye ngome pale, huelea bahari ikijaa, lakini maji yakitoka hubaki yamelala mchangani kama mafenesi, kila mwenye macho anayaona na kuyakwepa. Kombo alikimbia. Kushoto na kulia kwake wenzake walikimbia pia, wametawanyika vizuri kama walivyoamriwa, kila mtu na nafasi yake.

Kisha mwili wa Kombo ukapinda kushoto.

Wote walipinda. Waliokuwa wametanda pwani nzima wakajikuta, mara moja, wamesongamana katika ukanda mmoja mwembamba wa mchanga, bega kwa bega, na bunduki kubwa za ngomeni hazikuwa zikingoja kitu kingine. Mkasi alihisi kifua kikipigwa. Akahisi mchanga shavuni. Halafu kukawa kimya.

Tume iliyochunguza ilikwisha kutoa jibu lake: woga. Vijana walitishika, ilisema, wakakimbilia mahali pamoja kama kondoo. Kazi ya Mkasi ilikuwa kuutafuta woga huo ulipoanzia, kwa sababu shambulio la pili lilipangwa bamvu lijalo, na jeshi halikutaka kuzika tena namna ile.

Lakini woga alikuwa anaujua. Alikwisha kuuonja kwa watu wengi, na hapa haukuwapo. Moyo wa Kombo ulikwenda mbio za mtu anayekimbia, basi. Mkasi akaamuru mashine irudi nyuma, iende polepole. Mguu wa kulia ulinyanyuka. Kabla haujagusa chini, kigimbi kilikaza, vidole vikajikunja ndani ya buti, na mguu ukarudi ulikotoka. Ndipo mwili ulipopinda.

Kigimbi cha Mkasi kiliutambua mkazo ule kabla ya kichwa chake. Alifumbua macho na kubaki akiitazama dari. Yeye naye alizaliwa mwambao ule. Alikuwa na miaka sita alipokanyaga kamba ya mwani ya jirani, na mama yake akampiga kofi la mgongo lililosikika, kwa maneno ya jirani mwenyewe, mpaka msikitini. Kamba ya mwani haikanyagwi, hairukwi. Mwanamke ameinama juani akifunga vifundo vyake kimoja kimoja, na unyayo mmoja wa mpuuzi unatosha kuing'oa kazi yote. Hata mwenye shamba huizunguka kamba yake mwenyewe. Ndiyo maana kila kijiji huacha uchochoro wa mchanga katikati ya mashamba, upana wa kupishana wanawake wawili waliojitwika vikapu, na kila mtoto hujua kuufuata kabla hajajua kuhesabu.

Wapangaji walikuja Ras Mchanje na mkataba wa kukodi ufuo. Mkataba ulipokwisha wakakataa kutoka, wakajenga ngome, na wenyeji wakakimbilia ng'ambo na walichoweza kubeba. Kamba za mwani zilibaki vigingini, hazina mtu wa kuzivuna. Zilikuwa hazimfai mtu yeyote tena. Na kikosi kizima cha vijana, katikati ya risasi, kilizizunguka kwa kuchelea kuharibu mali za mama zao.

Mkasi alijifunika uso kwa viganja, akalia.

*

"Niliziona pichani," alisema Brigedia Lugendo. Alikuwa mtu wa bara, mpole kwa askari wake, na tangu Ras Mchanje alikuwa amekonda mpaka sare inamning'inia. Yeye ndiye aliyelipanga shambulio. "Niliuliza, hizi nyuzi nyuzi ni nini? Nikaambiwa, kamba tu, mkuu, hata kuku anapita. Na mimi nikaridhika. Kumbe swali lilikuwa ndilo, jibu ndilo nililolipokea kwa haraka."

"Aliyekujibu hakukosea, mkuu. Kuku anapita."

Brigedia alicheka bila furaha. Halafu akakaa sawa kitini, na Mkasi akaona matumaini yakimrudia usoni. Alikuwa akiyaogopa matumaini hayo tangu alipovuka kizingiti cha ofisi.

"Basi somo tumelipata," alisema Brigedia. "Kigimbi kinakaza, mguu unarudi. Tunautoa ule mkazo. Wote watiwe somo hilo kabla ya bamvu."

Kutia somo kulikuwa kazi nyepesi. Kinasa kinachochukua kutoka mwilini kinaweza pia kuandika mwilini. Askari angelala jioni, angeamka asubuhi, na mguu wake usingerudi tena. Asingehisi kitu. Wala asingejua kwamba kuna kitu kaondolewa.

"Mguu hauchagui, mkuu," alisema Mkasi. "Ukiufundisha usirudi, hautarudi penye kamba. Na hautarudi penye kaburi, wala penye mkeka wa mtu anayesali, wala penye mtoto aliyelala chini. Mimi sijui kuitoa kamba peke yake. Hakuna anayejua."

"Watakuwa hai, Kapteni."

"Machano naye yu hai."

Habari za Machano Brigedia alikuwa anazijua. Miaka michache nyuma, katika vita vya bandarini, vijana walikuwa wakishtuka kila kombora linapolia, na wanaoshtuka huinua vichwa. Mkasi ndiye aliyekipata kile kishtuko, chini kidogo ya shingo, akakielekeza kwa kidole kama fundi anayeonyesha penye tobo. Kikatolewa. Bandari ikachukuliwa. Askari wengi walirudi kwao wazima, na mmoja wao alikuwa Machano, mumewe, na miguu yake miwili na tabasamu lake lile lile.

Siku moja chungu cha uji wa moto kilimwagikia binti yao mguuni. Ukelele wa mtoto ulimleta jirani wa nyumba ya tatu. Mkasi alitoka mbio chooni na kumkuta Machano ameketi pale pale, hatua moja tu kutoka kwa mtoto, akimenya chungwa. Ganda lilikuwa limetoka refu, halijakatika. Hakuwa na ubaya. Alipoonyeshwa aliruka, akambeba mtoto, akalia machozi ya kweli. Ule ukelele haukumfika tu. Tangu siku hiyo binti yao akiumia humpita baba yake na kwenda kumtafuta mama, na Machano humtazama akipita.

"Nipe nafasi nijaribu kwa mdomo," alisema Mkasi. "Katazo la mwenye shamba huondolewa na mwenye shamba. Wanawake wa Ras Mchanje wote wapo kambini ng'ambo ya mto. Waje pwani, watandaze kamba, wawaambie wenyewe: kanyageni."

"Maneno, Kapteni. Maneno hukaa sikioni. Risasi zikilia, mtu anabaki na miguu yake tu."

"Na hili walilo nalo miguuni liliingia kwa nini, mkuu? Si kwa maneno ya mama zao?"

Brigedia alisema watapewa zoezi moja. Wakipinda, watatiwa somo jioni ile ile, na asisikie tena habari za mikeka na makaburi.

*

Mkasi alikuwa na furaha mpaka alipofika kwenye lango la kambi. Hapo ndipo akili ilipomwambia alichokuwa amejitwika. Kuwaomba wanawake wale kulitaka kwanza waambiwe kwa nini wanaombwa. Na kuwaambia kwa nini ni kumwambia mama aliyefiwa kwamba mwanawe ameuawa na malezi yake.

Mwenye mashamba mengi kandokando ya uchochoro alikuwa Bi Mwanapili, na Bi Mwanapili ndiye mama yake Kombo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya kiume, aliyejifunga kanga ya rangi ya bizari. Ras Mchanje nzima waliijua bizari ile. Kila doti ikichakaa alinunua nyingine kama hiyo hiyo, na ya zamani aliichana vitambaa akavifunga kwenye vigingi vyake, watu wasidai hawakujua shamba ni la nani. Mkasi alimkuta akikoroga sabuni ya mwani katika karai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Hakuacha kukoroga. "We ndo yule anayewasikiliza. Wameniambia. Umekuja kunambia kama mwanangu alikimbia? Maana hapa kambini yanasemwa."

"Hakukimbia, mama. Nimekuwa naye mpaka mwisho. Hakuwa na woga hata kidogo."

"Nini basi?"

Mkasi akamweleza. Alitafuta njia ya kulizungushazungusha, hakuipata, akaishia kulisema kama lilivyo: kamba, mguu, uchochoro, bunduki. Mwiko wa Bi Mwanapili ukasimama ndani ya karai. Sabuni ikaanza kugandia pembeni.

"Kamba ipi?" aliuliza.

"Ya tatu kutoka mwamba wa kaskazini."

"Yangu hiyo."

"Ndiyo, mama."

Bi Mwanapili aliutazama mwiko kama kitu alichookotewa na mtu. "Nilimchapa mie," alisema. "Mdogo hivi. Alikuwa anamfukuza kaa, akapita nayo kamba nzima. Nikamchapa mpaka mama yangu akaja kuamua. Nikamwambia, siku nyingine ukitia mguu wako hapa n'takuvunja." Akafuta pua kwa pembe ya kanga. "Na Kombo yule! Hasikii la mwadhini wala la mteka maji. Nimemwambia oa, hakuoa. Nimemwambia jeshini usende, kenda. Umri wake wote, mwanangu we, kanisikia mara moja tu."

Baadaye Bi Mwanapili akauliza swali ambalo wote huuliza, "Aliumia?"

"Kidogo sana. Alikuwa na kiu."

Bi Mwanapili aliinuka. Alikwenda mtungini, akachota maji kwa kata, akarudi akampa Mkasi na kumsimamia. "Kunywa," alisema. Mkasi akanywa. "Yote." Mkasi akanywa yote, na mama yule akayatazama maji yakishuka kooni mwake mpaka kata ikawa tupu.

Halafu akasema atakuja pwani, na wenzake atawaleta. "Lakini mie ningelipenda mnipeleke huko huko. Nisimame kambani kwangu, wakija niwaambie piteni."

"Haiwezekani, mama. Ni vitani."

"Kwani Kombo alikuwa harusini?"

*

Wanawake walitandaza kamba pwani ya ng'ambo kama walivyotandaza kwao, kwa mwani mbichi na vigingi vilivyonyooka, na walipomaliza walisimama pembeni wakitaniana, kwa kuwa mtu hawezi kulia wiki nzima. Askari wakatolewa mashuani. Walikuwa vijana wa mwambao karibu wote, na waliambiwa mapema kabisa: pwani nzima ni yenu, nendeni moja kwa moja.

Wakaja mbio, wametanda vizuri. Kufika kambani wakapinda wote, wakaingia uchochoroni.

"Tena," alisema Brigedia.

Wakapinda tena. Vijana wenyewe walionekana kushangaa, wanajiangalia miguu. Brigedia alimtazama Mkasi kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma kuliko karipio.

Hapo Bi Mwanapili akajitosa. Alipita kwa njia ya uchochoro, kwa adabu zake zote, akasimama katikati ya shamba na kanga yake ya bizari, mikono kiunoni. "Nyie watoto! Mwaniona? Shamba hili langu mie. Haya, njooni. Kanyageni!"

Wa kwanza kumfikia alikuwa kijana mrefu aitwaye Shaame. Alisimama mbele ya kamba, anahema. Akamtazama mama, akaitazama kamba, kisha akainama na kuanza kufungua buti.

Pwani nzima iliangua kicheko. Hata Brigedia alicheka, kwa mara ya kwanza tangu lile balaa.

"Na viatu vyako, baba," alisema Bi Mwanapili. "Na viatu vyako. Pita. Nimekuruhusu."

"Samahani, mama," alisema Shaame, akakanyaga. Kamba ikakatika, mwani ukatapakaa mchangani. Bi Mwanapili alifumba macho, akayafumbua. "Mwingine!"

Wakapita wa pili, wa tatu, wa kumi. Wanawake wengine nao wakajimwaga mashambani mwao wakipiga mayowe: kanyaga, mwanangu, vunja, ng'oa, Mungu akubariki! Kufika adhuhuri vijana walikuwa wakiivuka pwani yote mbio, wametanda, hakuna anayepinda, na kamba zilikuwa uchafu mtupu. Walipomaliza walijipanga bila kuamriwa na mtu, wakaja mmoja mmoja kumbusu Bi Mwanapili mkono. Habari za Kombo zilikuwa zimewafikia. Hakuna aliyezitaja.

Brigedia alifuta amri ya kutia somo. Mkasi alirudi nyumbani siku ile akimwimbia binti yake, kitu ambacho hakukifanya kwa muda mrefu, na Machano akauliza kuna sherehe gani.

*

Ras Mchanje ilichukuliwa siku ya bamvu, kabla jua halijawa kali. Wapangaji hawakutazamia watu waliotanda. Bunduki zao zilikuwa zimeelekezwa uchochoroni kama mara ya kwanza. Walipozigeuza walikuwa wamechelewa. Redio ilisema ushindi, na ulikuwa ushindi kweli.

Mkasi alivuka na mashua iliyowarudisha wanawake. Alikuwa amekwisha kukaa kitini na kuwasikiliza waliokufa. Hawakuwa wengi. Alikuwa amemwomba Mungu mashua ichelewe, maji yajae, pwani isionekane. Maji hayakujaa.

Mashamba yalikuwa yamevurugwa. Vigingi vimelala, kamba zimefumana, mwani umeoza kwenye nyayo za mabuti, na wanawake walioshuka walipiga vigelegele kwa kuona uharibifu ule, kwa sababu walijua maana yake. Bi Mwanapili alitangulia kwa uchochoro, kanga kaikunja magotini, mpaka kamba ya tatu kutoka mwamba wa kaskazini. Akapiga ukelele.

"Mkasi! Njoo uone! La kwangu limesalimika!"

Kweli lilikuwa limesalimika. Kamba zilinyooka kigingi kwa kigingi, mwani umestawi mzito, na vitambaa vya bizari vilipepea kama siku alipoviacha. Kulia kwake kulikuwa kumevurugwa, kushoto kwake kumevurugwa. Bi Mwanapili alicheka, akamshukuru Mola, akageuka amwonyeshe mwenzake neema ile, akauona uso wa Mkasi.

Kicheko kikamwishia kidogo kidogo.

"Waliijua," alisema. "Bizari yangu."

"Ndiyo, mama."

"Nami niliwaruhusu. Niliwaambia kwa kinywa changu."

"Uliwaruhusu. Na za wengine wote walizikanyaga." Mkasi alishindwa kumtazama. "Walipoiona ya kwako wakaingia uchochoroni, wale waliokuwa upande huu. Hawakutaka kukutia hasara ya pili."

"Wangapi?"

"Saba."

"Na yule wa viatu?"

"Naye."

Bi Mwanapili alikaa kitako pale pale mchangani, kwenye maji kidogo yaliyobaki. Ufuoni Brigedia Lugendo alikuwa amesimama peke yake, na Mkasi alijua anangoja nini. Kulikuwa bado na visiwa viwili mikononi mwa Wapangaji, na asubuhi ile Brigedia alikuwa amemwuliza swali moja tu: somo watiwe au wasitiwe? Aliuliza kwa upole, kama anavyouliza mtu ambaye amechoka kuamua.

"Nambie kweli," alisema Bi Mwanapili. "Mngewatia ile dawa yenu, wangelikuwa hai?"

"Wangekuwa hai, mama."

"Wangelikuwa watu?"

Mkasi alimwona Machano, ganda la chungwa likirefuka mkononi mwake, na mtoto akipita mbele yake kwenda kumtafuta mwingine. Alimpenda sana mtu yule. Kila jioni alishukuru kwamba amerudi, na kila jioni kulikuwa na dakika moja aliyotamani kumwomba radhi asijue aanzie wapi.

"Sijui," alisema. "Ninaye mmoja nyumbani, na mpaka leo sijui."

Bi Mwanapili aliitikia kwa kichwa. Alijiinua kwa mikono miwili, akaikabili kamba yake, ile ambayo hata yeye mwenyewe hakuwahi kuikanyaga tangu alipoolewa kijiji kile, akainua mguu na kuushusha juu yake. Kamba ikashikilia. Akakanyaga tena kwa nguvu zote, na tena, mpaka kigingi kikang'oka na kitambaa cha bizari kikazama kwenye tope. Akasogea kwenye ya pili. Alikuwa akilia kwa sauti sasa, bila haya, akivunja vyake kimoja baada ya kingine, na alipofika katikati ya shamba akageuka.

"Njoo, mwanangu," alimwita Mkasi. "Bahari inajaa. Pita hapa hapa, ndiyo njia ya karibu. Nimekuruhusu."

Kamba iliyokuwa mbele ya Mkasi ilikuwa bado nzima. Alijua kila kitu ambacho mtu anaweza kujua kuhusu kamba ile. Alijua imewaua wangapi. Ruhusa alikuwa ameipata kutoka kinywani mwa mwenyewe, na hakuna aliyekuwa akimpiga risasi. Akainua mguu wa kulia.

Kigimbi kikakaza. Vidole vikajikunja ndani ya buti, na mguu ukarudi ulikotoka.

Mkasi aligeuka, akaingia uchochoroni, akaufuata polepole mpaka ufuoni, maji yakimpanda miguuni. Brigedia alikuwa akimtazama njia nzima. Mkasi alipomfikia, Brigedia alimpa mkono wa kumvuta juu ya mchanga mkavu, na lile swali hakumwuliza tena; jibu alikuwa ameliona mguuni mwake.